Manyoya yamekwenda wapi?

Manyoya ni nguo ya kuku. Yanamkinga na baridi, na mvua, na jua kali, na miiba ya vichakani. Tena ni nguo ya thamani, kwa maana kuku huifuma mwenyewe kwa chakula anachokula. Ukipima gramu 100 za manyoya makavu, karibu gramu 90 ni proteini, ya namna moja na ile iliyomo katika kucha na nywele za watu. Basi kuku aliyenyang'anywa manyoya amenyang'anywa chakula cha siku nyingi. Na kuku aliye uchi hula kuliko wenzake, maana moto wa mwili wake unapotea, naye anataka kuurudisha kwa chakula. Mwenye kuku hulisha zaidi na kupata mayai machache.

Kwenye kilima kimoja karibu na Katana, kando ya ziwa Kivu, palikuwa na mjane mwenye watoto watatu. Mkubwa alikuwa katika shule ya sekondari, msichana alikuwa mwaka wa tano, na mdogo wao mwaka wa pili. Mjane huyo alikuwa na kuku kumi na wawili wekundu, wa aina ile ya kizungu inayotaga sana. Aliwanunua wakiwa wachanga, wa miezi mitano, nao wakaanza kutaga upesi. Jogoo hakuwa naye. Watu wengi hawasadiki, lakini kuku hutaga bila jogoo. Jogoo anatakiwa kwa kupata vifaranga tu. Kila jioni msichana aliokota mayai tisa au kumi. Mama aliyauza sokoni, na fedha hiyo ndiyo iliyokuwa minervali ya kijana wa sekondari.

Mwezi wa tisa mvua ikaanza, na watu wa kilima wakapanda maharagwe. Kuku wakaingia mashambani wakafukua mbegu. Jirani mmoja mzee akaja kwa mjane, akasema: «Mama, maharagwe yangu hayajaota, na kuku wako wameisha kuyavuna.» Mzee alikuwa na haki. Mjane akaomba radhi, akawafungia kuku wake ndani ya kibanda mchana na usiku.

Kibanda kilikuwa na urefu wa mita 2 na upana wa mita moja na nusu. Chini ilikuwa udongo mtupu, uliokanyagwa hata ukawa mgumu kama sakafu. Asubuhi kuku walipewa mahindi, na saa sita ugali wa mihogo uliobaki, vyote katika sahani moja. Walimaliza kula kwa dakika chache. Halafu walisimama tu, wakingoja kesho.

Baada ya juma tatu msichana aliona kuku mmoja hana manyoya penye shina la mkia. Siku chache tena wakawa watatu, kisha saba, migongo yao myeupe kama kuku aliyetayarishwa kwa chungu. Mayai yakapungua: nane, sita, matano. Asubuhi moja mdogo wake alipofungua mlango, alimwona kuku mmoja amesimama pembeni, ameficha kichwa chake ukutani, na damu inamtoka mgongoni. Wenzake walikuwa wakimrukia na kumdona penye damu.

Mtoto akapiga kelele: «Mama, nyoka! Nyoka amemwuma kuku!»

Watu wakaja. Mmoja akasema ni panya. Mwingine akasema kwa sauti ndogo kwamba mjane ana adui, na kwamba mambo ya namna hii si bure. Maneno kama hayo huenda mbio, tena hayamponyi kuku hata mmoja. Mjane akawaza kuwapeleka kuku wote sokoni siku ya posho, kabla hawajafa. Lakini nani atanunua kuku walio uchi kwa bei ya haki? Akawaambia watoto: «Nikiwauza sasa, nitapata nusu ya bei tu. Minervali haitatimia, na kaka yenu atarudi nyumbani kabla ya Noeli.»

Msichana alifikiri usiku. Kesho yake, baada ya masomo, alikwenda kwa Sista anayetunza kuku wa misioni, akamweleza yote. Sista akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: «Mwambie Mama asiuze bado. Manyoya ya kuku huibiwa na wezi wengi. Kabla ya kutafuta dawa, tutafute mwizi.»

Jioni Sista akaja mwenyewe. Hakuingia kibandani mara moja. Alikaa juu ya jiwe na watoto wawili, akawauliza kwanza juu ya umri wa kuku.

«Wana miezi minane, Sista.»

Basi, Sista akasema, haya si majira ya kubadili nguo. Kila kuku aliyekomaa hubadili manyoya yake, mara nyingi baada ya kutaga muda wa mwaka mmoja. Manyoya ya zamani huanguka, kwanza kichwani na shingoni, kisha mgongoni na kifuani, mwisho mabawani na mkiani. Na mapya huota mahali pake. Kazi hiyo inaweza kuchukua miezi miwili au mitatu, na wakati huo kuku haachi mayai mengi, au hatagi kabisa. Si ugonjwa. Lakini kuku wa mjane walikuwa wachanga bado, na shingo zao zilikuwa na manyoya kamili.

Halafu Sista akamshika kuku mmoja, akafunua manyoya ya chini ya mabawa na ya nyuma, penye kutokea yai. Hapo ndipo chawa wa kuku hupenda kukaa, na mayai yao hushikamana na mashina ya manyoya kama chembe nyeupe za unga. Hakuona kitu. Jua lilipokuchwa wakawasha taa, wakaingia kibandani na kutazama nyufa za vijiti ambavyo kuku hulalia. Walikuwa wakitafuta utitiri mwekundu. Mdudu huyo ni mdogo kama ncha ya sindano. Mchana hujificha katika nyufa, usiku hutoka na kunywa damu ya kuku, ndiyo sababu anayemtafuta mchana juu ya kuku hamwoni. Wakapitisha karatasi nyeupe chini ya vijiti. Karatasi haikupata alama nyekundu.

Kuku anayetaka kuatamia naye hujing'oa manyoya, lakini ni ya kifuani, apate kuyapasha mayai moto kwa ngozi yake. Na kuku wanaoishi na jogoo hupoteza manyoya ya mgongo na ya kisogo kwa sababu ya makucha yake. Hapa jogoo hayupo, na vifua vilikuwa vizima.

Ndipo Sista akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza: «Manyoya yenyewe yako wapi?»

Watoto wakatazama chini. Kweli! Kuku saba walikuwa nusu uchi, na sakafu ilikuwa safi. Kama manyoya yangalianguka yenyewe, kibanda kingalijaa. Panya naye hakusanyi manyoya yote namna hii.

«Yameliwa,» akasema Sista. «Kesho kaeni kimya nje ya kibanda, mtazame katika nafasi za matete. Msimtafute kuku mbaya. Mtafuteni kuku mwenye nguo nzuri.»

Kesho ilikuwa Dominika. Baada ya Misa watoto wakakaa, msichana upande mmoja, mdogo wake upande wa pili. Kukaa kimya ni kazi ngumu kwa mtoto wa mwaka wa pili, lakini alijitahidi. Baada ya saa moja hivi akamvuta dada yake kwa mkono. Kuku mmoja, mzuri sana, mwenye manyoya yote ya kung'aa, alikuwa akitembea polepole nyuma ya wenzake. Hakuwa na hasira. Alisimama nyuma ya mwenzake, akashika unyoya mmoja wa shina la mkia, akauvuta, akaumeza. Yule mwingine akaruka kidogo, akatulia. Mwizi akaenda kwa mwingine. Na kuku wa pili, aliyesimama karibu, akatazama na kuanza kufanya vilevile.

Hapa watu wengi wanakosa. Wanadhani kuku wanapigana. Kupigana kwa kuku ni jambo jingine. Mtu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alipenda kutazama kuku tangu utoto wake, na mwaka 1922 alitangaza maandiko yake juu ya desturi zao. Alionyesha ya kuwa kundi la kuku lina ngazi: wa kwanza anaweza kuwadona wote, wa pili anawadona wote isipokuwa wa kwanza, na hivyo mpaka wa mwisho anayedonwa na wote. Lakini mdono wa ngazi huelekea kichwani na kwenye kilemba, nao ni wa haraka na wa nguvu. Kila mmoja akiisha kujua mahali pake, amani hukaa. Kung'oa manyoya si vita ya ngazi. Huanzia mkiani na mgongoni, hufanywa bila hasira, na mwizi anaweza kuwa kuku mpole.

Basi kwa nini anafanya hivyo? Mungu amempa kuku mdomo na makucha kwa kazi. Kuku aliye nje huchakura na kudona karibu mchana mzima: mbegu moja hapa, mchwa pale, jani bichi, jiwe dogo. Ukimfungia mahali pasipo na kitu cha kuchakura, kazi ya mdomo haiishi. Inatafuta kitu kingine. Na kitu kilicho karibu ni mgongo wa mwenziwe. Nafasi ikiwa ndogo, anayedonwa hana pa kukimbilia. Damu ikionekana, mambo yanaharibika zaidi, kwa sababu rangi nyekundu huwavuta kuku wote, na mmoja humfundisha mwingine.

Njaa ya siri pia imo. Kuku wa mjane walishiba, lakini walishiba mahindi na mihogo. Katika gramu 100 za mahindi mna proteini gramu 9 hivi, na katika unga wa mihogo hazifiki hata 3. Kuku anayetaga anahitaji karibu gramu 16 katika kila gramu 100 za chakula chake. Walipotembea mashambani walijitafutia wenyewe wadudu na minyoo. Mlango ulipofungwa, wadudu wakakoma, na hakuna mtu aliyewaza kuwapa kitu badala yao.

Jumatatu wakaanza kazi. Kuku aliyejeruhiwa akatengwa kwanza. Msichana alichemsha maji, akatia chumvi kidogo, akayaacha yapoe, akamwosha kidonda kila siku asubuhi na jioni, akamweka katika tenga kubwa jikoni. Hakumrudisha mpaka ngozi ilipopona na manyoya kuanza kuifunika. Kumrudisha mapema ni kumtoa tena kwa wenzake. Mwizi naye akatiwa katika tenga lake, mbali na wengine, kwa siku nane. Aliporudishwa, ilikuwa usiku, wakati kuku wote wamelala. Asubuhi alijikuta kama mgeni, ngazi imebadilika wakati hayupo, akawa na shughuli ya kutafuta mahali pake.

Jirani mzee alileta shauri lake: «Kateni midomo yao kwa kisu cha moto, wasiweze kuvuta.» Ni kweli kwamba katika nchi nyingi wafugaji wa kuku maelfu hukata ncha za midomo. Lakini mdomo wa kuku si kama ukucha. Ndani yake mna mishipa ya damu na ya kusikia maumivu, naye huutumia kama mtu atumiavyo vidole. Norway ilikataza jambo hilo kwa sheria tangu mwaka 1974. Sista akamjibu mzee kwa upole kwamba kuku waliokatwa midomo wangebaki na njaa ileile na kibanda kilekile. Mzee akacheka, akaenda zake. Na, mtu asimdhanie vibaya, siku ya pili alileta mzigo wa matete kutoka bondeni.

Kwa matete hayo wakajenga ua nyuma ya nyumba, wa mita 5 kwa mita 6, ili kuku watoke bila kuingia katika maharagwe ya watu. Chini ya kibanda wakatandika majani makavu na maganda ya maharagwe, unene wa kiganja. Tangu siku ile mahindi hayakutiwa tena katika sahani: yalimwagwa katikati ya majani. Kuku wakachakura asubuhi nzima wakitafuta punje za mwisho, na kazi ile ya dakika chache ikawa ya saa nyingi. Mdogo alifunga fungu la lengalenga kwa kamba na kulitundika juu kidogo ya vichwa vyao, wapate kuruka na kulivuta. Alifanya hivyo kila siku bila kuambiwa, kwa sababu ilimchekesha. Majani ya viazi vitamu ni mazuri vilevile. Sombe mbichi haifai, ina sumu. Watu wenyewe huipika muda mrefu kabla ya kuila.

Katika beseni kuukuu walitia majivu na udongo mkavu, kuku waoge mavumbi. Dirisha la upande wa magharibi likafunikwa kwa gunia. Jua la saa tisa lilikuwa likiingia moja kwa moja katika viota, na hilo ni hatari kubwa. Kuku akiisha kutaga, nyama ya ndani huonekana nyekundu kwa kitambo. Gizani hakuna anayeiona. Penye mwanga mkali wenzake huidona, na kuku aliyedonwa hapo anaweza kufa siku ileile.

Kisha chakula. Sista aliwafundisha kuchanganya kwa kopo: mahindi yaliyosagwa makopo 7, pumba 2, soya 2, na sambaza kavu waliosagwa kopo 1. Soya ni lazima ikaangwe kwanza, kwa sababu soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kutumia proteini. Sambaza ni wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Hawakuwamo ziwani zamani. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960. Mjane hakununua wazima. Kwa wauzaji wa samaki aliokota vichwa na vipande vilivyovunjika, kwa bei ndogo, akachagua vile visivyotiwa chumvi. Chumvi yenyewe ilipimwa kwa uangalifu: gramu 30 katika kilo 10 za chakula. Ikikosa kabisa, kuku hudonana, ikizidi, hufa. Maganda ya mayai yaliyokaushwa na kupondwa yakawekwa kando, kila kuku achukue kadiri atakavyo.

Hawakupona mara moja. Juma la kwanza wawili walivutwa manyoya tena. Manyoya mapya yanapoota huwa na damu ndani ya shina lake, na mdono mmoja tu huitoa. Siku hizo msichana alitazama kundi asubuhi, mchana na jioni, na kila aliyeonekana na tone la damu alitengwa mara moja. Juma la tatu udonaji ukakoma. Baada ya juma saba migongo ilikuwa mekundu tena, isipokuwa kuku watatu. Hao manyoya yao yalikuwa yamekatika tu, mashina yakabaki ndani ya ngozi. Na unyoya uliokatika hauoti mpaka majira ya kubadili nguo. Wakakaa na mikia mifupi hata mwaka uliofuata, lakini walitaga kama wenzao.

Juma moja kabla ya Noeli msichana aliokota mayai manane kwa siku. Mama alikuwa amelipa sehemu ya kwanza ya minervali kwa fedha aliyokopa kwa jirani mzee, na sasa alimrudishia nusu yake kwa mayai. Maharagwe yalikuwa yamekomaa. Yalipovunwa, mlango wa ua ukafunguliwa, na kuku wote kumi na wawili wakaingia shambani kutafuta wadudu chini ya majani yaliyobaki.

MASWALI. Kwa nini Sista aliuliza umri wa kuku kabla ya kuwatazama? Manyoya yasipoonekana chini, ni alama ya nini? Mdono wa ngazi na mdono wa kung'oa manyoya hutofautianaje? Utitiri mwekundu hutafutwa saa ngapi, na mahali gani? Pimeni kibanda cha kuku cha nyumbani kwenu: kina mita ngapi, na kuku wangapi hulala ndani yake?